Land Rover Series III, Peugeot 504 au Beetle: kupima hali na bei kabla ya kutoa pesa

Anayetafuta gari la zamani la kutunza, awe Nairobi, Arusha au Dar es Salaam, hukutana na majina yale yale matatu: Land Rover Series III, Peugeot 504 ambayo wengi tunaiita Pijo, na Volkswagen Beetle. Yote yamekula barabara zetu kwa miongo. Mafundi wakongwe wanayajua hata gizani, na kila moja lina wauzaji wanaoamini kwamba lao ni dhahabu. Lipi bora ni swali lisilo na jibu moja. Linalojibika ni hili: gari lililosimama mbele yako, kwa hali liliyo nayo leo, linastahili bei inayotajwa?

Jambo moja ndilo linabeba mengine yote: injini hununuliwa, mifupa hujengwa. Injini ya gari lolote kati ya haya inaweza kung'olewa, kufufuliwa na kurudishwa, na fundi atakupa hesabu kabla hajaanza. Chesi au sakafu iliyooza haina hesabu ya uhakika. Unakata bati moja, unakuta la chini yake limekwisha pia, na la tatu lilichomelewa na mtu mwingine miaka 20 iliyopita. Mifupa ya kila gari hapa imejificha mahali pake, na wengi huumia kwa kukagua Beetle kama wanavyokagua Land Rover.

Vipimo vitakavyotumika kwa yote matatu

Mifupa ndiyo ya kwanza, kwa sababu hiyo tuliyoitaja. Halafu injini na mwendo, yaani giaboksi, difu, stelingi na breki. Tatu ni vipuri, na hapa tofautisha vipuri vya injini na vile vya bodi, maana upatikanaji wake haufanani hata kidogo. Nne ni uhalisi: gari limebaki na vitu vyake, au limevaa vya magari mengine? Karatasi na bei vina sehemu zake chini.

Beba tochi, bisibisi, nyundo ndogo, futi ya chuma ya mita 5, kipima mgandamizo wa silinda, fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mianya), na sumaku iliyofungwa kitambaa chembamba ili isikwaruze rangi. Mwambie muuzaji mapema asiwashe gari kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja kwenye injini. Ikiwa ina joto, kuna tabia ya kuwaka asubuhi ambayo hukutakiwa kuiona, basi rudi siku nyingine.

Pima urefu kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma, kulia na kushoto, usukani ukiwa umenyooka. Land Rover fupi ya inchi 88 iwe milimita 2235, na ndefu ya inchi 109 iwe karibu 2769. Pijo saluni ni 2740, Pijo ya familia yenye mgongo mrefu ni 2900. Beetle ya kawaida ni 2400. Kinachotafutwa hasa ni tofauti kati ya pande mbili. Milimita chache zinaweza kuwa bushi zilizochoka au mkono wako kutetereka. Zikifika 15 au 20, gari liligongwa au chesi imepinda, na kabla ya kuendelea mwenye gari aeleze.

Uliza pia gari limeishi wapi. Lililokaa Mombasa, Tanga au Unguja limevuta hewa ya chumvi kila usiku, na kutu yake huanzia ndani ya mabomba yaliyofungwa, isionekane nje hadi iwe imemaliza kazi. La Nanyuki, Nakuru au Iringa huwa na rangi iliyopauka kwa jua na raba zilizokatika, lakini bati lake mara nyingi ni zima. Kati ya rangi mbaya na bati zuri, na rangi nzuri na bati lisilojulikana, chukua la kwanza bila kusita.

Land Rover Series III (1971–1985)

*Mifupa.* Bodi yake ni ya aluminiamu, na hapo ndipo macho hudanganyika. Gari linaweza kung'aa kote huku chesi ya chuma chini yake ikiwa imebaki kama biskuti. Sumaku nayo haisaidii kwenye milango wala mabawa kwa sababu aluminiamu haivutwi. Itumie kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria: kona za juu chini ya kioo cha mbele, nguzo za milango, na sehemu za kuwekea miguu. Ukuta huo ndio unaobeba milango na stelingi, na kuutengeneza sawasawa kunadai gari livuliwe karibu nusu.

Kisha lala chini. Chesi ni boksi la bati lililofungwa, na tope likiziba matundu ya kutolea maji, huoza kutoka ndani kwenda nje. Gonga kwa nyundo kuanzia pembe za mbele zinazoshika spiringi, nenda kwenye mikono ya pembeni inayobeba bodi, juu ya tangi la mafuta, hadi boriti ya nyuma kabisa. Bati zima hulia kwa sauti kali. Lililooza hutoa sauti ya kufa, na wakati mwingine bisibisi inaingia yenyewe. Viraka si dhambi kwa gari la umri huu, mradi kingo zake zimechomelewa mstari mzima. Kiraka juu ya kiraka kingine kina maana moja: aliyechomelea hakupata chuma kizima cha kushika.

Tazama pia aluminiamu inapogusana na chuma. Metali hizi mbili zikikutana na unyevu, aluminiamu huliwa na kuacha unga mweupe. Ukiuona kwenye kingo za chini za milango, jua paneli hizo zinahitaji kubadilishwa, kwani kupiga rangi juu yake hakutadumu.

*Injini na mwendo.* Ya kawaida ni ya petroli ya silinda 4, sentimita za ujazo 2286, na ipo ya dizeli ya ukubwa huo huo. Za kuanzia 1980 zina beringi 5 za krenki (mhimili mkuu wa injini) badala ya 3, na hutulia zaidi. Injini ikiwa moto na ikizunguka mara 2000 kwa dakika, shinikizo la mafuta kwa petroli liwe kati ya 35 na 65 psi (paundi kwa inchi ya mraba). Kuvuja mafuta kidogo kwa Land Rover ni jambo la kila siku. Tofautisha unyevunyevu na matone yanayotengeneza dimbwi.

Giaboksi: endesha kila gia, kanyaga mafuta, kisha achia ghafla. Gia ikiruka na kurudi huru, ndani kumechakaa. Bonyeza kitufe cha njano uone kama nguvu inafika mbele, kisha vuta mkono mwekundu wa gia nzito. Fanya hivyo kwenye udongo au kokoto, wala si lami kavu. Mbele, chunguza zile tufe kubwa zinazozungukia magurudumu. Kromu yake ikishatoboka vijitundu, sili yoyote mpya (mpira wa kuzuia mafuta) utakayoweka itakatwa na mafuta yatavuja tena baada ya wiki chache. Ekseli za nyuma za gari fupi ni nyembamba na hukatika mtu akiachia klachi kwa pupa akiwa amebeba mzigo.

Wengi waliweka injini za Toyota, Nissan au Isuzu. Kwa mtu wa shamba hilo linaweza kuwa jema, kwa mkusanyaji ni punguzo kubwa. Kwa vyovyote tazama vishikio vya injini vilichomelewaje kwenye chesi, na kama namba ya injini hiyo imeingizwa kwenye kadi.

*Vipuri.* Hapa inawazidi wenzake wote. Hata chesi nzima mpya iliyopakwa zinki hutengenezwa Uingereza hadi leo. Ni ghali na usafirishaji wake ni mzito, lakini ipo, na kuwepo kwake kunamaanisha Land Rover haifi kabisa. Vitu vya mwendo hupatikana hapa hapa.

*Inamfaa nani.* Mwenye shamba, mpenda safari za porini, na anayependa kujitengenezea kwa mkono, maana karibu kila kitu kinafunguka kwa spana za kawaida za inchi. Haimfai mtu wa kusafiri Dar hadi Mbeya kila mwezi: kelele ni nyingi, raha yake inaishia karibu kilomita 80 au 90 kwa saa, na ya petroli hunywa takriban lita 1 kwa kilomita 5 au 6.

Peugeot 504 (kuanzia 1968)

*Mifupa.* Pijo haina chesi ya kujitegemea. Bodi yenyewe ndiyo chesi, kwa hiyo kutu ya bodi ni ugonjwa wa mifupa. Fungua boneti utazame vichwa vya shokapu za mbele vilivyoshikiliwa na mabawa ya ndani. Bati likiwa limevimba, limepasuka kuzunguka boliti, au limefunikwa rangi nyeusi nzito iliyopakwa juzi, tahadhari kuliko mahali pengine popote kwenye gari hili: pale panabeba uzito wote wa mbele, na pakiachia, gurudumu linaingia ndani. Baada ya hapo nenda kwenye vizingiti vya chini ya milango na pale jeki inapowekwa, sakafu ya nyuma, na kitanda cha tairi la akiba. Sumaku hapa inafanya kazi vizuri. Inapokataa kushika, chini ya rangi kuna pati.

Kipimo kizuri zaidi hakihitaji kifaa. Fungua mlango wa mbele nusu, piga jeki upande huo mahali pake, kisha jaribu kuufunga. Ukifunga kama kawaida, bodi ina nguvu. Ukigoma au nafasi kati ya mlango na nguzo ikibadilika, gari linapinda katikati.

*Injini na mwendo.* Injini nyingi za petroli utakazokuta ni za sentimita za ujazo 1796 au 1971. Bloku ni ya chuma, silinda hedi ni ya aluminiamu, na laina za silinda (mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka) zimezungukwa na maji moja kwa moja zikikaa juu ya sili chini kabisa. Hapa ndipo Pijo nyingi zimeuawa na mafundi wenye haraka. Hedi ikifunguliwa, laina lazima zibanwe kwa vishikio. Fundi akizungusha krenki bila kuzibana, laina inanyanyuka nywele moja, sili ya chini inakatika, na maji yanaanza kushuka kwenye mafuta. Gasketi mpya haitibu hilo. Kwa hiyo ukiambiwa "imebadilishwa hedi gasketi mwezi uliopita", usifurahi upesi. Chomoa kijiti cha mafuta na ufungue kifuniko cha juu. Ute mweupe kama maziwa yaliyoganda ni maji. Injini ikiwa baridi, fungua rejeta, washa, tazama kama mapovu yanapanda mfululizo. Yakipanda, moto wa silinda umeshapata njia ya kuingia majini.

Maji ya bomba yametumika kwenye rejeta nyingi huku kwetu badala ya kulanti (maji maalumu ya rejeta), nayo hula aluminiamu ya hedi kuzunguka matundu ya maji. Hedi iliyoliwa hivyo hujazwa kwa kuchomelewa na kuchongwa upya, kazi ambayo si kila karakana inaiweza.

Feni ya asili hushikwa kwa sumaku ya umeme joto likipanda. Burashi zake zikiisha, haishiki, na Pijo nzuri inachemka kwenye foleni ya Thika Road. Wengi wameifunga moja kwa moja ili izunguke muda wote, jambo lisilo na madhara makubwa na la gharama ndogo kulirudisha. Zile zenye pampu ya Kugelfischer ya kusukuma petroli kwa sindano zinakimbia kuliko za kabureta, lakini usinunue moja kabla hujampata fundi aliyewahi kuishika pampu hiyo kwa mkono wake. Dizeli ni nzito kuondoka na huvumilia sana.

Saluni nyingi zina magurudumu ya nyuma yanayojitegemea, na raha yake kwenye barabara ya mashimo bado inashangaza. Raba za vishikio vya nyuma zikichoka, gari hutikisa mkia kwenye kona. Ya familia ina ekseli moja nzima, inabeba mzigo vizuri, na ndiyo iliyofanya kazi ya teksi za masafa marefu. Basi chukulia imeshafika mara kadhaa mwisho wa kipima kilomita chake.

*Vipuri.* Hesabu mbili tofauti. Vya injini na mwendo bado vinapatikana kwa sababu gari hili liliunganishwa Mombasa, na Kaduna huko Nigeria, miaka mingi baada ya saluni kusitishwa Ufaransa mwaka 1983. Zunguka Kirinyaga Road jijini Nairobi utapata. Vya bodi ni habari nyingine: taa za mbele zile za umbo lake la pekee, vioo, mistari ya kromu, dashibodi isiyopasuka, na viti vya asili. Hivyo hutoka kwenye magari yaliyokufa, na kila mwaka yaliyobaki ni machache. Kwa hiyo Pijo iliyotimia vitu vyake na injini mbovu ni ununuzi bora kuliko yenye injini tamu na taa za kubuni.

*Inamfaa nani.* Anayetaka gari la zamani la kupandisha familia nzima na kwenda nalo Kisumu au Moshi kwa starehe. Kwa takriban lita 1 kwa kilomita 8 au 9, si mzigo mkubwa. Haimfai asiye na fundi mwaminifu karibu, kwa sababu ya zile laina.

Volkswagen Beetle

*Mifupa.* Bodi imefungwa kwa boliti juu ya sakafu yenye uti wa bomba katikati. Kinachoiunganisha na kuipa nguvu ni vizingiti vyenye uwazi ndani chini ya milango, vilivyotengenezwa pia kupitisha hewa ya moto kwenda mbele. Vikiwa vimeoza, Beetle ni kofia iliyokaa juu ya sahani. Fanya kipimo kile kile cha jeki na mlango. Gusa kwa vidole upande wa chini wa kizingiti. Ukiona bati jipya bapa lisilo na mkunjo wa kiwandani, kuna mtu amefunika shimo.

Kisha ng'oa kiti cha nyuma. Betri iko pale upande wa kulia, na asidi yake hula sakafu chini yake. Sakafu huuzwa kwa nusu nusu na kuichomelea si kazi ngumu, kwa hiyo punguza bei lakini usikimbie. Hakikisha betri ina kifuniko. Spiringi za kiti zikigusa nguzo za betri mtu mzito akikaa, gari linashika moto. Mbele, toa tairi la akiba utazame tundu lake, na uchunguze kwa chini pale bimu ya mbele inapofungwa kwenye uti. Hapo pakioza gari lote linafunguliwa.

*Injini na mwendo.* Ziko za 1200, 1300, 1500 na 1600, zote zikipozwa na hewa. Kabla ya kuwasha, shika puli kubwa ya krenki nyuma kwa mikono miwili, ivute na kuisukuma kuelekea mbele ya gari. Mchezo unaotakiwa ni milimita 0.07 hadi 0.13, yaani karibu usiouhisi. Ukisikia "ko, ko", injini imekwisha, hata kama inanguruma vizuri, kwa sababu kinacholika ni ukuta wa gamba la injini lenyewe. Kulichonga upya kunahitaji mashine maalumu. Hiki ni kipimo cha sekunde 10 ambacho kinaweza kukuokoa nusu ya bei.

Pima mgandamizo wa silinda zote nne. Silinda ya 3 ikiwa chini kuliko wenzake usishangae: kwenye injini za kabla ya modeli ya 1971, kipoza mafuta kimekaa kwenye njia ya hewa yake, hivyo hupata joto zaidi na vali yake ya ekzosi huungua. Mwanya wa vali ni milimita 0.15 injini ikiwa baridi kabisa. Ukiukuta sahihi kwenye silinda zote, mwenye gari amekuwa akilitunza.

Katika joto letu, kasoro inayoua Beetle nyingi ni ndogo na ya bei rahisi: raba inayozunguka injini na mabati ya kuongoza hewa. Yakikosekana, feni inanyonya hewa moto iliyotoka chini ya injini na kuizungusha tena. Hakuna rejeta wala geji ya joto ya kukuonya. Mafuta ni lita 2.5 tu, na ndiyo yanayobeba sehemu ya kazi ya kupoza, kwa hiyo yakipungua nusu lita, hatari ni kubwa. Chunguza pia mpira wa petroli unapopita ukutani kuingia kwenye injini. Ukiwa mgumu au umepasuka, ubadilishe kabla ya kuendesha gari kwenda nyumbani. Beetle nyingi zimeungua kwa mpira huo.

*Vipuri.* Zaidi ya milioni 21 zilitengenezwa, na Mexico iliendelea hadi Julai 2003, kwa hiyo karibu kila kitu, hadi vipande vya sakafu, huagizwa na kufika. Tatizo ni ubora. Raba na vitu vya umeme vya bei ya chini hudumu mwaka. Injini imeshikwa na giaboksi kwa boliti 4, na mafundi wawili wanaishusha ndani ya saa moja.

*Inamfaa nani.* Anayeanza, mwenye eneo dogo la kuegesha, mtu wa mjini na safari fupi. Lita 1 hukupeleka karibu kilomita 10. Haifai familia yenye mizigo, na milima mirefu kwenye jua la saa saba inataka dereva mvumilivu.

Karatasi

Linganisha namba ya chesi iliyogongwa kwenye chuma na iliyo kwenye kadi au logbuku, herufi kwa herufi. Kwenye Series III itafute kwenye pembe ya chesi ya mbele kulia inayoshika spiringi. Kwenye Beetle iko juu ya uti chini ya kiti cha nyuma. Kenya, omba kumbukumbu za gari kutoka NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Tanzania, hakiki TRA, mamlaka ya mapato. Magari ya umri huu yana matatizo yake: mwenye jina alishafariki, na muuzaji ni mtoto au mjukuu bila barua ya usimamizi wa mirathi, au limeandikwa kwa kampuni, ushirika au misheni iliyokwisha kufungwa. Land Rover nyingi ziliingia kwa miradi yenye msamaha wa kodi, basi uliza kodi ililipwa lini lilipobadilisha mkono. Gari lisiloweza kubadilishwa jina lihesabu kama vipuri, hata likiwa zuri namna gani. Na usitegemee kuagiza jingine badala yake kirahisi, kwani Kenya ina kikomo cha miaka 8 kwa magari yaliyotumika yanayoingizwa.

Kupima bei inayotajwa

Bei ya tangazo ni ombi la muuzaji. Tafuta matangazo ya gari la aina hiyo hiyo, kisha uwaulize mafundi na wanachama wa klabu za magari ya zamani yaliuzwa kwa ngapi mwishowe. Tangazo lililokaa miezi sita limeshajibiwa na soko.

Anza na thamani ya gari zima la aina hiyo, lenye karatasi safi na linalotembea kila siku. Toa gharama ya kila kasoro uliyoiandika, kwa bei ya fundi atakayefanya kazi hiyo kweli. Kisha toa theluthi nyingine ya gharama hizo kwa yatakayojitokeza baada ya kufungua. Tuseme gari zima ni 100. Sakafu na vizingiti ni 30, breki na matairi 10. Jumla 40, na theluthi yake ni karibu 13. Kikomo chako ni 47. Muuzaji akitaka 70, mwonyeshe orodha. Hapo mazungumzo yanakuwa juu ya bati na breki, na hakuna anayedharauliwa.

Rangi mpya isiyo na picha za kazi iliyofanyika chini yake haiongezi hata shilingi, kwa sababu huwezi kujua imefunika nini. Stakabadhi za vipuri, picha za bodi ikiwa bati tupu, na zana za asili za gari huongeza. Namba za Kenya za zamani zisizo na herufi ya mwisho hupendwa na wakusanyaji, na ni haki kulipia kidogo. Habari za Safari Rally utazisikia nyingi: ni kweli Beetle ilishinda 1954, 1957 na 1962, na 504 ilishinda 1975 na 1978. Ni fahari ya modeli nzima, na tayari imo kwenye thamani ya kila gari la aina hiyo. Usiilipie mara ya pili.

Uhalisi hauna uzito sawa kwa yote matatu. Pijo iliyopoteza vitu vyake vya bodi ikatwe bei sana. Land Rover iliyobadilishwa injini ikatwe kulingana na unachotaka kuifanyia. Beetle yenye injini ya 1600 badala ya 1200 haipotezi sana kwa mtu wa kuendesha, mradi karatasi zinajua.

Kulingana na hali yako

Ikiwa una pesa za kununua lakini huna akiba ya matengenezo, chukua Beetle nzima au subiri. Land Rover na Pijo zitakudai ndani ya mwaka wa kwanza.

Ukiishi pwani, tafuta gari kutoka bara, na kwa Land Rover weka chesi mbele ya yote. Iliyokwishapata chesi ya zinki inastahili nyongeza kubwa. Pijo ya pwani usiinunue kabla haijapandishwa juu na kutobolewatobolewa kwa bisibisi mbele ya mwenyewe.

Ukiwa na fundi bodi mzuri lakini fundi injini wa kubahatisha, Land Rover na Beetle zitakuvumilia. Ikiwa ni kinyume, yaani injini ndiyo nguvu ya gereji yako, tafuta Pijo yenye bati zima na injini iliyokufa. Mara nyingi huuzwa chini ya thamani yake, kwa sababu wanunuzi wengi huogopa gari lisilowaka.

Anayenunua kwa ajili ya maonyesho kama Concours d'Elegance ya Nairobi alipe zaidi kwa gari lililotimia, liwe lolote kati ya matatu, badala ya kununua nusu na kuwinda taa na vioo kwa miaka mitatu.

Na kama bado umekwama kati ya magari mawili ya aina tofauti, lipa fundi mmoja ayakague yote mawili wiki moja, kwa orodha moja, na uombe hesabu ya maandishi kwa kila moja. Weka hesabu hizo kando ya bei za wauzaji. Kama yote mawili yamezidi kikomo chako, endelea kutafuta.